Mkufunzi wa haki za pensheni na mafao: atokee kazi gani?

KatibuWete (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya wasaidizi wa sheria huku Kaskazini Pemba. Tumepata fungu la kuwasomesha wasaidizi wetu wa shehia (mitaa na vijiji vyetu) jambo moja tu, nalo ni kumsaidia mtu kufuatilia haki zake za fedha: Pensheni Jamii ya wazee, mafao ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) na ruzuku ya kaya maskini ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii). Talaka, matunzo ya watoto na mirathi wameshasomeshwa sana, wanayamudu. Haya ya mafao ndiyo wanayogongewa mlango kila siku, na hapo ndipo wanapobabaika.

Maombi ya ukufunzi yaliyotufikia ni manne. Wakili kijana wa Unguja mjini, ana shahada mbili. Mstaafu aliyefanya kazi ndani ya ofisi ya mafao miaka mingi. Maalim wa skuli ya sekondari, naye kastaafu. Na mama mmoja msaidizi wa sheria wa upande wa Micheweni, aliyeishia kidato cha nne, lakini wazee wa shehia tatu nne humwendea yeye kwanza kabla ya kwenda ofisini.

Kamati imegawika. Wapo wanaosema bila ya shahada mfadhili hatotia saini. Wengine wanasema anayeijua ofisi kwa ndani ndiye mwenyewe. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: mkufunzi wa mambo haya huwa katokea kazi gani? Na mimi nimtazame nini zaidi ya vyeti?

MkaaMalindi (Unguja)

Waalaykumu salaam. Wakili, bila ya kujiuliza. Mafao si sadaka, ni haki iliyoandikwa. ZSSF imeundwa kwa sheria ya mwaka 1998, na hao wasaidizi wenyewe wanafanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018. Mtu asiyeweza kukifungua kifungu na kukisoma atawasomesha habari za kusikia. Halafu kuna mipaka ya kazi yao, msaidizi wa sheria si wakili, na asiyeijua mipaka hiyo atawaingiza wenzake matatani. Huyo mama wa Micheweni mpeni heshima yake, aje atoe ushuhuda nusu saa.

BiGombani (Chake Chake)

Katibu, nakujibu kama mtu wa kazi hii. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii hapa Pemba mpaka nikastaafu. Nilisomea Dar, Kijitonyama, Taasisi ya Ustawi wa Jamii. Na tangu Pensheni Jamii ilipoanza Aprili 2016 nimekuwa nikisomesha kamati za wazee, masheha (viongozi wa shehia) na wasaidizi wa sheria namna ya kuifuatilia. Wakufunzi wa kila aina uliyoitaja nimeshafanya nao kazi ukumbi mmoja.

MkaaMalindi, kakangu, kwa heshima zote, hapo kwa mama wa Micheweni sikubaliani nawe hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Katibu, usianze kwa kuuliza mtu kasoma wapi. Muulize hivi: faili la mwisho ulilolifuatilia wewe mwenyewe, kwa miguu yako, mpaka mtu akashika fedha yake mkononi, lilikuwa lini na lilikwama wapi? Kisha nyamaza umsikilize. Anayeijua kazi hatokujibu kwa jumla jumla. Atakutajia karatasi. Atakwambia jina la baba lilikuwa Hamadi kwenye kitambulisho na Ahmed kwenye cheti cha ndoa, au cheti cha kifo kilitolewa Unguja na mjane yuko Konde, au mwajiri alikata mchango kwenye mshahara na ZSSF haukufika. Asiyeijua atakueleza umuhimu wa hifadhi ya jamii kwa taifa.

Nikupe mfano mmoja, maana humo ndimo somo zima lilimo. Pensheni Jamii ni ya mwenye miaka 70 na kuendelea. Miaka hiyo husomwa kwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Sasa wazee wetu wengi huku shamba hawakuzaliwa hospitali. Mwaka ulioandikwa pale ni makisio ya aliyekuwa akiandikisha siku ile, na mzee mwenyewe hakuona sababu ya kubishana, kwani nani aliyejua kuwa tarakimu ile itakuja kuwa riziki yake? Alinijia bibi mmoja, msukaji mikeka, kitambulisho chake kimeandikwa 1961. Anakwambia Mapinduzi yalipokuwa yeye alikuwa chuoni cha Kurani, keshahitimu juzuu Amma, na uchaguzi wa Juni 1961 anaukumbuka kwa fujo lake, walivyofungiwa ndani watoto wote. Mtoto aliyezaliwa 1961 haukumbuki mwaka 1961. Basi hapo mtu wa vitabu atasema tumpeleke akale kiapo. Kiapo ni sawa, lakini kiapo peke yake ni maneno ya mwenye shida, na ofisini watakirudisha.

Unachotakiwa kumuuliza ni hichi: bibi, nyie kwenu mlizaliwa wangapi, na wewe wa ngapi? Akataja ndugu zake. Aliyemfuatia yuko hai, Ole. Tukaomba kitambulisho cha yule mdogo. Kimeandikwa 1957! Mdogo mtu kamtangulia dadake miaka minne, tumbo moja, mama mmoja. Karatasi ile ndogo ilifanya kazi ambayo kiapo kisingeifanya. Tukaongeza barua ya sheha na shahidi wa rika lake mwenye kitambulisho kilichosahihi, ndipo kiapo kikapata cha kuegemea. Alirekebishiwa umri kwanza, kwa ofisi ya usajili, ndipo tukarudi kwa watu wa pensheni. Ukienda kinyume, ukaanza na pensheni, utazungushwa mpaka viatu vikuishe.

Huyo anayejua kuuliza "mlizaliwa wangapi" ndiye mkufunzi. Mimi nilifundishwa kuuliza hivyo kwa sababu afisa ustawi husomeshwa kuandika historia ya familia kabla ya jambo jengine lolote. Msaidizi wa sheria mzuri hulijua kwa kutembea. Wakili huenda akalijua, wapo, lakini muulize: kesi zako ni za mafao au ni za viwanja na talaka? Shahada haitokwambia hilo.

Simkatai wakili, tena kuna mahali bila ya yeye tunapotea. Mahali hapo ni pale ofisi inapokataa. Watu wetu wakiambiwa "haiwezekani" wanarudi nyumbani, wanasema ni mapenzi ya Mungu. Wakili atawasomesha kuomba jibu kwa maandishi, na sababu, na tarehe, na jina la cheo cha aliyekataa. Atawasomesha pia pale mafao ya marehemu yanapogongana na mirathi, maana wajane wawili, watoto wa nje, wazee wa marehemu, wote wanakuja na karatasi zao, na msaidizi akitamka neno moja la pupa ameshachoma moto nyumba za watu. Hapo mipaka anayoisema MkaaMalindi ina haki kabisa. Mpeni wakili asubuhi nzima ya hayo.

Mstaafu wa ofisi ana kitu ambacho sote hatuna, anaijua njia ya faili. Anajua meza gani hupokea na meza gani huidhinisha, na kwa nini fomu iliyokosa saini moja hukaa chini ya mafungu wiki tatu bila ya mtu kuisema. Lakini mtazame mambo mawili. La kwanza, je, ameshakubali kuwa sasa anakaa upande wa mwenye haki? Nimewaona waliokuwa hawawezi. Mshiriki akieleza shida aliyoipata dirishani, yeye anaitetea ofisi, basi ukumbi mzima unafunga mdomo. La pili, elimu yake ni ya mwaka gani. Mfuko wa ZSSF ulipoanza, mfanyakazi alikuwa akichangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 10. Siyo viwango vya leo. Pensheni Jamii ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, nayo imeshapandishwa. Mkufunzi akisomesha viwango vya zamani, anampeleka mzee dirishani akagombane na karani asiye na kosa.

Rai yangu ni kuwa mama wa Micheweni awe mkufunzi mkuu. Si kwa huruma na si kwa ajili ya kupamba ratiba. Anafaa kwa sababu wasaidizi wako watakwenda kuifanya kazi anayoifanya yeye, kwenye njia zile zile, na masheha wa aina ile ile.

MtotoWaNgambo (Leicester)

Nimekulia Ng'ambo, Unguja, sasa niko Uingereza na nafanya kazi ya ushauri wa mafao. Namuunga mkono Bi Gombani, na niwape picha ya huku labda itamsaidia Katibu na hiyo kamati.

Wakufunzi walionisomesha mimi wengi wao si mawakili. Walio wengi walianza kwa kujitolea Citizens Advice, jumuiya ya ushauri iliyoanza 1939 vita vilipozuka, wakipokea watu mezani mmoja mmoja. Wengine walikuwa maafisa wa haki za mafao kwenye halmashauri za miji, wengine maafisa ustawi kama Bi Gombani. Wapo waliokuwa makarani wa idara ya serikali inayolipa mafao, wakahamia upande wa pili. Wanasheria nao wapo, khasa waliotokea vituo vya sheria vya mitaani. Ila kwa England na Wales, tangu Aprili 2013 sehemu kubwa ya mambo ya mafao iliondolewa kwenye msaada wa kisheria unaolipiwa na serikali, na mawakili wengi wakaiacha kazi hii. Ikabaki kwa washauri.

Na kamati yako inayoogopa mtu asiye na shahada iambie hili: huku mtu akikata rufaa ya mafao ya ulemavu, anakaa mbele ya jopo la watu watatu, hakimu, daktari na mtu mwenye ujuzi wa masuala ya ulemavu. Anayemsemea mbele ya jopo hilo si lazima awe wakili. Washauri wasio na shahada ya sheria wanasimama pale na wanashinda.

Kilicholazimu huku ni mtu kubakia kazini. Child Poverty Action Group, chama kilichoanzishwa 1965, hutoa kitabu kinene cha mafao kila mwaka kwa sababu cha mwaka jana hakifai tena. Wana pia simu ambayo sisi washauri tukikwama tunawapigia. Mtu anayepokea masuali ya aina hiyo siku nzima hawezi kusomesha mambo yaliyopitwa, maana suali la jana jioni analo bado kichwani. Mkufunzi aliyeacha kesi miaka mitano anasikika mara moja, hata akiwa fasaha namna gani.

Nyumbani hatuna kitabu kama hicho. Kwa hiyo huyo mama wa Micheweni, kwa wasaidizi wako, ndiye kitabu cha mwaka huu.

KatibuWete

Ahsanteni sana, nimefahamu, na jana usiku nimemsomea mwenyekiti maneno yenu. Amelainika. Yamebaki mambo ambayo sijui niyafanyeje. Mfadhili anataka wasifu wa kazi wa kila mkufunzi na huyo mama hana hata ukurasa mmoja. Masheha tuwaalike au tusiwaalike? Na hilo la TASAF nani alisomeshe, maana kati ya hao wanne sioni wa TASAF.

BiGombani

Katibu, wasifu wake upo, haujaandikwa tu. Kaa naye. Chukua daftari lake la kazi, kama ni msaidizi wa sheria basi analo, na uandike naye orodha ya mambo aliyoyafuatilia. Usitaje jina la mtu. Andika aina ya jambo, lilikwama kwa sababu gani, alipita ofisi zipi, likamalizikaje. Na yale yaliyokataliwa yaandike pia. Mfadhili mwenye akili akisoma ukurasa kama huo atajua ana mtu wa namna gani. Ambatanisha mafunzo yake ya usaidizi wa sheria na usajili wake kama anao. Ukimtengenezea wasifu wa kuiga wa wakili, na tarehe za semina alizohudhuria, utamfanya aonekane mdogo kuliko alivyo.

Masheha. Hapa panataka uangalifu, na nakuomba usiliharakishe. Sheha ndiye mwenye barua, na bila ya barua yake hakuna kitambulisho kinachorekebishwa wala mjane anayethibitishwa. Huwezi kumuacha nje. Lakini akiwa amekaa mbele tangu asubuhi ya siku ya kwanza, msaidizi wa shehia yake hatosimama kusema kuwa barua hucheleweshwa au kuwa kaya fulani imesahauliwa. Mimi huwaweka masheha siku ya mwisho, na huwapa kazi: nawawekea mezani barua za kumtambulisha mtu zilizorudishwa na ofisi, majina yamefutwa, nawauliza imekosa nini. Utawaona wanavyosogea. Barua moja haina tarehe ya mtu kuanza kukaa pale shehiani, nyengine imeandika jina la utani ambalo mji mzima unalijua na kitambulisho hakilijui. Sheha hapendi kusomeshwa na kijana, lakini akiitwa kusahihisha barua anasahihisha kwa moyo wote, na kesho yake anaandika iliyo safi.

TASAF unaye mtu, hujamuona. Ni maalim wako.

Fikiri ruzuku ile inavyokatwa. Kaya yenye watoto wa skuli inatakiwa mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wadogo wapelekwe kliniki. Malipo yakipungua, mama wa watu anakwenda kumlaumu sheha, au kamati, au anayelipa. Mara nyingi jambo limeanzia kwenye rejista ya darasa. Mtoto alihamia kwa bibi yake Kojani wakati wa dago, wazazi walipohamia kambi ya uvuvi, na jina limebaki skuli ya zamani. Au ana jina la baba mlezi. Au fomu ya mahudhurio haikujazwa kwa wakati. Maalim aliyeshika rejista maisha yake yote anajua pa kutazama, anajua kuzungumza na mwalimu mkuu bila ya kumshutumu, na anajua karatasi gani amuombe. Msaidizi wa sheria hajui. Na kwa kuwa kaya zenyewe hupendekezwa kwenye mkutano wa shehia, mwambie maalim awafundishe vile vile kuandika lalamiko fupi la kupeleka hapo hapo kwanza, nusu ukurasa, wenye kusomeka. Awakalishe waandike, awasahihishie, waandike tena. Wasaidizi wengi ni watu wazima, wengine kalamu wameiacha siku nyingi, na wanaona haya mbele ya wakili. Mbele ya maalim hawaoni haya, wengine ndiye aliyewasomesha.

Kwa hivyo ratiba yako naiona hivi. Mama na maalim wakae pamoja wiki kabla, wapange. Mama aanze na mafaili, siku nzima, Pensheni Jamii na yale ya ZSSF ambayo watu wanayakosa kwa kutojua kuwa yapo, maana wengi hudhani mfuko ni wa uzee tu, kumbe kuna fao la ulemavu, la uzazi na la warithi. Mstaafu wa ofisi aje mchana huo huo aeleze njia ya faili, na kabla hajaja mwambie aende ofisini akahakikishe viwango na fomu za sasa. Hatokasirika ukimuomba kwa adabu, atafurahi kurudi pale na kazi mkononi. Asubuhi ya pili ya wakili. Mchana maalim na TASAF. Kisha masheha.

Mafaili ya kusomeshea naweza kukupa yangu. Nimeyaweka bila ya majina, ila nitayapitia tena yote kabla sijakupa, kwa sababu Pemba ni ndogo, na ukisema tu "mjane wa dereva wa gari ya Makangale" watu wote wameshamjua. Nawe hakikisha mama anafanya hivyo kwa ya kwake, afute kwa wino mzito kabla ya kutoa kopi, na tarehe ya kifo aibadilishe.

Jambo moja la mwisho na nakusihi ulisimamie mbele ya kamati. Kwenye ratiba mama wa Micheweni asiandikwe "mtoa ushuhuda", wala "mshiriki mwalikwa". Aandikwe Mkufunzi, kama wenzake, na posho yake iwe sawa na ya wakili. Litieni kwenye bajeti kabla hamjaipeleka.